Hekima ya Kusema "Sijui"

Ndugu yangu katika imani, mwenye hekima tunampimaje? Wengi hutazama wepesi wake wa kujibu. Imepokewa kuwa Imam Malik bin Anas, mwanachuoni wa Madina aliyefariki mwaka 179 Hijria, aliulizwa maswali 48, na katika 32 akajibu: "Sijui." Heshima yake haikupungua. Alijua kuwa fatwa ya kubahatisha humpoteza muulizaji, na aliyeitoa ataulizwa mbele ya Allah.

Basi mwenzako bwenini akikuuliza kama achukue mkopo wa riba ili alipe ada, usimjibu kwa kipande cha video ulichokiona jana. Mwambie hujui, kisha mfuatane kwa shehe. Mwenye hekima huujua mpaka wa elimu yake, akasimama hapo.