Kumlisha Mgonjwa wa Kiharusi

Aliyepigwa na kiharusi mara nyingi hudhoofika koo pia. Basi maji apewayo kwa huruma, naye amelala, huweza kuingia mapafuni, yakaleta kichomi na kumwua.

Kwa hiyo ninyi wa Nzuguni mwendao kuwatazama wagonjwa, yashikeni haya. Kwanza, apelekwe hospitali upesi. Asipewe kitu kinywani, hata dawa, mpaka amepimwa kumeza. Pili, akiruhusiwa, aketishwe wima, apewe kijiko kidogo kidogo. Uji mzito mara nyingi humezeka kuliko maji. Tatu, akikohoa, au sauti ikiwa kama yenye maji, acheni mara moja. Nne, akiisha kula, akae wima nusu saa, na kinywa kisafishwe.

Tena wako wasiokohoa kabisa, ijapokuwa chakula kimepotea njia. Ndiyo sababu kupimwa hutangulia huruma.