Mbuzi Akiliwa na Simba, Nani Alipe?

Huku Kitengela, katika Kajiado, simba hutoka Mbuga ya Nairobi wakala mifugo. Je, mkulima, ni haki kumkata mchungaji mshahara kwa mbuzi aliyeliwa? Sivyo, ikiwa alikuwa kazini akijitahidi. Boma bovu pia si kosa lake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa hasara iliyoletwa na kosa la makusudi, kama vile mtu kuliacha kundi kusudi akaenda kunywa pombe. Hata hapo, makato yote yasipite theluthi mbili za mshahara. Tena kazi ya miezi 3 au zaidi yataka mkataba wa maandishi. Basi mkubaliane mapema, kabla simba hajaja.