Furaha Ndogo za Mwenye Kuacha Unga

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, na jamaa zake na sahaba zake, somo hili ni katika khabari ya mtu aliyeshikwa na unga kisha akauacha: namna impasavyo kuzipitisha siku zake, na namna iwapasavyo watu wake kukaa naye.

Ubaya wa ulevi wajulikana. Makhatibu huutaja juu ya mimbari, na wazazi huwaonya watoto wao. Walakini ni mara chache kuulizwa: mtu akisha kuuacha, siku zake azijaze kwa nini? Kwani unga ulikuwa ukimshughulisha usiku na mchana, kuutafuta, kuutumia, na kutafuta tena. Ukiondoka hubaki saa nyingi tupu, na saa tupu ndio mlango wa adui. Basi na ajue msomaji yakuwa furaha ndogo za halali, kama usingizi wa usiku, kikombe cha kahawa, kazi ya mkono na cheko la mtoto, kwa mtu huyu si pumbao. Ni sehemu ya dawa yake, na mwenye kumnyima hizo humvunjia dawa.

KAZI YA UNGA NDANI YA MTU

Unga, yaani heroini, hutokana na utomvu wa afyuni, nao ulianza kuenea katika miji ya pwani, Mombasa na Malindi na Unguja na mingineyo, tangu miaka ya 1980. Mwanzo watu waliuvuta kwa moshi; baadaye wengi wakajidunga, na kwa kushirikiana sindano yakaingia maradhi ya UKIMWI na maradhi ya ini. Haya ni ya dhahiri. Yaliyo ndani ndiyo yanayohitaji kuelezwa.

Mwaka 1975 wataalamu wawili wa Aberdeen katika nchi ya Scotland, John Hughes na Hans Kosterlitz, walibainisha yakuwa ubongo wenyewe una vitu vyake vinavyofanya kazi mfano wa afyuni, navyo hutuliza maumivu. Mwenyezi Mungu amevitia kwa kadiri, kila kiumbe na sehemu yake. Unga unapoingia kila siku kwa wingi hukaa mahali pa vile, na mwili huuzoea hata ukawa hauwezi kwenda bila ya huo. Mfano wake ni mji ambao watu wake wameacha mashamba kwa kuwa kila siku jahazi huwaletea chakula cha bure. Siku jahazi lisipofika mji mzima hulia njaa, na mashamba yamejaa magugu. Njaa hiyo ndiyo iitwayo arosto.

Arosto huanza kwa kadiri ya saa 6 hata 12 tangu mtu kutumia mara ya mwisho: miayo, makamasi, jasho na baridi pamoja, mifupa kuuma, tumbo kusokota. Siku ya pili na ya tatu huwa kali kabisa, kisha kwa muda wa juma moja au zaidi kidogo maumivu ya mwili hupungua. Watu wa nyumbani hudhani hapo amekwisha kupona. Lakini usingizi kukatika, na kutoona ladha ya kitu cho chote, huweza kuendelea majuma na miezi. Chakula hukila kama majani makavu, mazungumzo humchosha, na jua humwudhi. Hapa ndipo wengi hurejea, na maumivu yamekwisha kupita, kwa sababu dunia imekuwa haina utamu. Mashamba yale yataka kulimwa tena, nayo hulimwa kidogo kidogo, kwa furaha moja baada ya moja.

FURAHA KATIKA DINI

Huenda mtu akasema: huyu aliyekosa, haki yake ni kulia, yafaa nini kumtajia furaha? Jawabu ni kwamba toba ina majuto ndani yake, walakini majuto peke yake hayamlishi mtu mwaka mzima. Imepokewa katika hadithi sahihi yakuwa mwenye kufunga ana furaha mbili: moja anapofungua, na moja atakapokutana na Mola wake. Na ifikiriwe namna furaha ya tende na maji ya jioni ilivyowekwa karibu na furaha iliyo kubwa kuliko zote. Aliyejizuilia kwa ajili ya Mungu, kisha akafurahi kwa kidogo cha halali, hakupoteza thawabu yake.

Na imepokewa katika Sahihi ya Muslim khabari ya Handhala, sahaba, aliyeingiwa na khofu ya unafiki kwa kuwa akiwa mbele ya Mtume moyo wake hulainika, na akirejea kwa mke na watoto na mashamba husahau mengi. Mtume akamtuliza, akamfahamisha yakuwa kuna saa ya hili na saa ya lile. Basi mwenye kupona naye asijilaumu akicheka.

SIKU YENYE NGUZO TANO

Mvinyo haukuharamishwa kwa siku moja. Katika sura ya al-Baqara ilibainishwa yakuwa dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake; kisha katika an-Nisaa watu wakakatazwa kuikaribia sala hali wamelewa; kisha katika al-Maida ukaharamishwa kabisa. Katika daraja ile ya pili mna mafunzo makubwa. Sala tano zimetandazwa katika siku, na mwenye kuzihifadhi akili yake ikiwa timamu hakubakiwa na nafasi kubwa ya kulewa. Mwenye kuacha unga naye na aishike siku yake kwa nguzo hizo, na kila nguzo aitafutie furaha yake.

Alfajiri. Aliyekuwa na unga huamka na arosto, na fikira yake ya kwanza ni fedha: atazipata wapi, kwa nani, kwa hila gani. Aliyeacha huamka akasikia adhana, na hana deni na mtu kwa saa ile. Maji ya udhu, ambayo mwili wenye arosto huyaogopa kama moto, humburudisha. Hii ni neema ambayo jirani yake mzima haioni; yeye na aione, na aishukuru kwa kuitaja.

Asubuhi hata adhuhuri. Unga huua hamu ya chakula na kufunga choo; ukiondoka, ulimi hurejea taratibu. Siku atakayoonja mbaazi za nazi na mahamri akataka kuongeza, ajue yakuwa shamba limeanza kuota. Kisha afanye kazi, hata ikiwa ya ujira mdogo: kuranda mbao, kushona nyavu, kubeba mchanga, kushona kofia. Kofia ya mkono huchukua majuma mengi, na mkono unaotetemeka hauwezi kuishona. Basi kila siku akiitazama huona kadiri ya kupona kwake. Ama ujira, mwanzo usikae mfukoni mwake, kwani fedha mkononi humwamsha adui aliyelala. Ampe mama au mke au rafiki mwaminifu amwekee, wala hapana aibu katika hilo.

Alasiri. Huu ndio wakati wa khatari. Kazi zimekwisha, jua limepoa, na wenzi wa zamani wamekaa pale pale walipokuwa wakikaa. Katika hadithi ya yule aliyewaua watu 99 kisha akamtimiza wa mia, mwanachuoni alimwambia atoke katika nchi yake mbaya, aende penye watu wema. Mwenye kuacha na abadilishe njia, hata kwa kuzunguka mitaa miwili. Na apate baraza jingine, penye bao na dele la kahawa, na wazee wasiomwuliza maswali. Kikombe cha kahawa chungu na kipande cha kashata, na kushindwa bao na mzee wa miaka sabini akachekwa kama wachekwavyo wengine: hiyo ndiyo furaha ya mtu aliyehesabiwa tena kuwa katika watu.

Magharibi. Arejee nyumbani kabla ya giza kuingia sana. Mtoto ambaye jana alikuwa akijificha nyuma ya mlango, leo amletea juzuu asikilizwe herufi zake. Baba hana haja ya kusema neno kubwa, na asikilize.

Isha. Kabla ya kulala ajihesabie siku yake: amepata nini, nini kilimtamanisha, ni nani aliyemsaidia. Usingizi usipokuja asihangaike wala asitafute vidonge. Alale akimtaja Mungu, kwani usingizi nao hurejea kama mgeni mwenye haya.

DAWA YA HOSPITALI NA NYUMBA ZA SOBA

Wako wanaoweza kuacha kwa kukaa katika nyumba za walioacha, ambazo watu wa Unguja huziita soba. Humo hukaa pamoja, hupika, husali, na kila mmoja huwaeleza wenziwe hali yake, kwani mficha maradhi kifo humwumbua. Wako na wengine wasioweza illa kwa dawa iitwayo methadoni. Dawa hii ilianza kutolewa katika hospitali ya Muhimbili mwaka 2011, na mwaka 2015 ikafika Unguja na Malindi. Hunywewa mara moja kwa siku, mbele ya mwenye kuitoa, na kwa kipimo chake yazuia arosto bila ya kumlewesha aliyekwisha izoea, hata akaweza kufanya kazi na kusali.

Baadhi ya watu humwambia mwenye kuinywa: wewe hukuacha, umebadilisha ulevi. Neno hili limewarejesha wengi. Mwenye kunywa dawa ya maradhi yake kwa kipimo cha tabibu si sawa na mwenye kufuata matamanio. Na aliye na shaka na amwulize mwanachuoni pamoja na tabibu, asimhukumu mtu njiani. Dawa hii isikatwe ghafula pasipo shauri la tabibu, wala isichanganywe na pombe au vidonge vya usingizi, kwani mchanganyiko huo huzuia pumzi na huua. Na Ramadhani ikikaribia, mwenye kuitumia aulize mapema khabari ya saa za kuinywa.

AKITELEZA

Wahenga wamesema: kuteleza si kuanguka. Walakini kuteleza kwa unga kuna khatari yake pekee. Mwili ulioacha kwa majuma husahau mazoea yake, na kipimo ambacho zamani kilikuwa kidogo kwake sasa chaweza kumwua. Wengi hufa kwa njia hii punde baada ya kutoka gerezani au katika nyumba za kuwatunza. Kwa hivyo aliyeteleza asijifiche kwa aibu, na watu wake wasimfanye ajifiche. Akikutwa hazinduki, pumzi zake chache na midomo imegeuka rangi, alazwe ubavu na apelekwe hospitali upesi. Hiyo si saa ya kuulizana. Na akisha kupona, aanze tena siku ya kwanza, akikumbuka yakuwa katika sura ya az-Zumar waja waliojidhulumu wamekatazwa kukata tamaa na rehema.

YAWAPASAYO WATU WAKE

Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari khabari ya mtu aliyekuwa akimchekesha Mtume, naye aliletwa mara kwa mara kwa kosa la kunywa, akaadhibiwa. Mmoja wa waliohudhuria akamlaani. Mtume akamkataza kumlaani, akashuhudia kuwa mtu yule ampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Mtu huyu hakuachwa bila ya adabu, wala hakutolewa katika jamaa. Na cheko alilokuwa akilileta halikusahauliwa kwa sababu ya kosa lake.

Basi nyumba na mtaa na washike haya. Jina la teja lisitajwe mbele yake wala nyuma yake. Mikoba isifichwe kwa vishindo aingiapo; fedha ziwekwe mahali pake kabla hajaja, kimya kimya. Uaminifu apewe kwa kadiri: leo atumwe mkate, kesho atumwe samaki, mpaka siku atakapotumwa kodi ya nyumba. Asipewe yote kwa mara moja akaelemewa, wala asinyimwe daima akakata tamaa. Wala asisifiwe kupita kiasi, kwani mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na aalikwe: katika khitima, katika harusi, katika maulidi, apewe sinia aichukue na kazi aifanye. Mtu aliyealikwa hula chakula cha watu; asiyealikwa hurudi kwa wanaomwalika.

Haba na haba hujaza kibaba. Mwenyezi Mungu awape subira waliomo katika kuacha, awarejeshee ladha ya chakula na usingizi na ibada, awalainishie nyoyo za jamaa zao, na awarehemu waliotangulia mbele ya haki kabla hawajaipata njia. Amin.