Tunahudumia wagonjwa katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi. Tunahitaji kibali gani?

Swali: Sisi ni wakimbizi Wakongo. Tunawatembelea nyumbani watu wenye msongo wa mawazo na watoto wenye ulemavu. Tunataka serikali itutambue.

Jibu: Dada, tenganisheni mambo mawili: usajili wa asasi na leseni ya kutibu. Asasi husajiliwa na NGORA, mamlaka ya asasi zisizo za kiserikali, na sheria ya mwaka 2000 inataka angalau wakurugenzi au wadhamini wawili wawe raia wa Malawi. Watafuteni mapema, wawe watu wanaoijua kazi yenu, si majina ya kujazia fomu. Kabla ya kupanda basi kwenda kujisajili Lilongwe, mwelezeni msimamizi wa kambi.

Usajili huo hauwaruhusu kutibu. Leseni ya kliniki na ya matabibu hutolewa na Medical Council of Malawi. Wauguzi wana baraza lao. Kumsikiliza mjane, kumsindikiza mgonjwa kituo cha afya, kumnyoosha mtoto viungo kama mtaalamu alivyowaonyesha: endeleeni. Kumwongezea mtu vidonge vya kifafa, hapana, hata akiwa jirani anayewasihi.

Ombeni mafunzo na usimamizi kwa St John of God, wanaohudumia afya ya akili Mzuzu na Lilongwe. Kwa ulemavu, bisheni hodi MACODA, baraza la masuala ya ulemavu ambalo zamani liliitwa MACOHA.