Rosecoco ya Kupika si Rosecoco ya Kupanda

Mvua za masika zinapokaribia, wachuuzi wa nafaka katika Soko la Kenyatta, karibu na Barabara ya Mbagathi, huwa na wateja wa aina mbili. Wa kwanza anataka gorogoro ya maharagwe ya kuchemsha. Wa pili anataka gorogoro hiyo hiyo, kutoka gunia lilo hilo, ila ataipeleka kwenye kishamba chake Waithaka, Mutuini au Uthiru, ama ataituma kwa wazazi kijijini wakapande. Mchuuzi hana kosa. Yeye anauza chakula, na kwa chakula maharagwe yale ni mazuri. Tatizo ni la mteja wa pili.

Gunia moja la sokoni huwa limekusanywa kutoka mashamba mengi. Mengine yametoka Bonde la Ufa, mengine yamevuka mpaka kutoka Uganda au Tanzania. Punje zinafanana kwa rangi, lakini huenda moja ilitoka nyanda za juu zenye baridi na nyingine penye joto. La kuhofia zaidi ni kwamba magonjwa kadhaa ya maharagwe husafiri ndani ya punje yenyewe. Kuvu anayechimba madoa meusi yaliyobonyea kwenye maganda hujificha chini ya ngozi ya punje. Bakteria wanaounguza majani hufanya vivyo hivyo. Vilevile kuna virusi vinavyokunja majani na kuyatia mabaka ya kijani hafifu; vikishaingia shambani kupitia mbegu, vidukari huvisambaza kwa mimea mingine. Mkulima hupanda mbegu na ugonjwa kwa mkupuo mmoja, kisha hulaumu mvua.

Hata majina yaliyoandikwa kwenye vibao vya sokoni yana historia ya utafiti. Miaka ya 1970 serikali ilianzisha mradi wa utafiti wa mikunde mjini Thika. Watafiti walikusanya maharagwe ya wakulima, wakayachambua na kuteua yaliyofanya vizuri, kisha wakayapa herufi za mradi, GLP. Rosecoco ikawa GLP 2, Canadian Wonder ikawa GLP 24, Wairimu GLP 585 na Mwezi Moja GLP 1004. Mwitemania ni GLP x92. Zaidi ya miaka 40 baadaye bado ndizo zinazoliwa na githeri jijini. Lakini magonjwa nayo hayakulala.

Funzo kubwa lilitoka magharibi mwa Kenya. Katika miaka ya 1980 na 1990, ugonjwa wa kuoza mizizi ulivamia maeneo ya Vihiga na Kakamega, ambako mashamba ni madogo na maharagwe hupandwa msimu baada ya msimu pale pale. Mimea iligeuka manjano na kukauka kabla ya kutoa maua, na baadhi ya familia ziliacha kabisa kulima zao hilo. Watafiti wa Kakamega hawakutafuta dawa ya kunyunyizia, kwa sababu mwenye robo ekari hangeimudu. Walitafuta maharagwe yanayostahimili. Waliyoyapata yaliitwa KK8, KK15 na KK22. KK15, ambayo asili yake ni Mulungu, mashariki mwa Congo, ni nyeusi tii, rangi ambayo wanunuzi wengi hawakuizoea. Wakulima waliipanda hata hivyo, kwani nyeusi iliyo sufuriani inashibisha kuliko nyekundu iliyooza ardhini.

Kupata aina kama hiyo si kazi ya msimu mmoja. Ua la haragwe hujichavusha lenyewe kabla halijafunguka, hivyo mtafiti hulazimika kulipasua lingali kichipukizi, alitoe chavua na kulipaka chavua ya mmea mwingine kwa mkono. Mmoja anachaguliwa kwa kustahimili ugonjwa, mwingine kwa mazao na ladha. Vizazi vyao hupandwa na kuambukizwa ugonjwa makusudi, na vinavyougua hutupwa. Kwa kuwa kuvu wana makabila mengi, haragwe linaloshinda mmoja laweza kuangushwa na mwingine, na ndiyo sababu kazi hii haina mwisho.

Sehemu ya kazi hiyo hufanyika karibu na wakazi wa magharibi mwa jiji. Chuo Kikuu cha Nairobi, katika bewa la Upper Kabete, kimetoa aina kama Miezi Mbili, Kenya Umoja na Super Rosecoco. Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo (KALRO) lilitoa Nyota, Angaza na Faida mwaka wa 2017. Nyota imepata sifa kwa wingi wa madini ya chuma na zinki na kwa kukomaa mapema.

Habari njema kwa mwenye mfuko mwepesi ni kwamba haragwe si kama mahindi chotara. Kwa kuwa hujichavusha, pakiti moja ya mbegu halisi yaweza kuzaa mbegu za misimu miwili au mitatu inayofuata, mradi mkulima achague vyema. Uchaguzi hufanywa shambani mimea ikiwa bado imesimama, wala si ghalani. Funga uzi kwenye mimea yenye afya na maganda mengi, uivune peke yake, uipure kando. Punje iliyokunjamana au yenye doa iende jikoni. Usipalilie majani yakiwa na umande, maana mikono na nguo zilizolowa hubeba ugonjwa kutoka shina hadi shina. Na palipokuwa na maharagwe msimu uliopita, panda sukuma wiki, viazi au mahindi kwanza. Samadi iliyooza vizuri husaidia pia, kwani ugonjwa wa mizizi hupenda udongo uliochoka.

Anayenunua pakiti dukani aangalie kibandiko cha Shirika la Kukagua Afya ya Mimea (KEPHIS). Kikikwaruzwa hutoa nambari, ambayo hutumwa kwa ujumbe mfupi hadi 1393, na jibu huonyesha kama mbegu ni halali. Asiyekuwa na njia ila kupanda alichonacho, ahesabu punje 100, azifunge kwenye kitambaa kibichi na azichunguze baada ya siku saba. Zikichipuka chini ya 80, gorogoro hiyo irudi kwenye sufuria.