SOMO: MBOGA ISIYOPANDWA NA MTU



Huku Lubumbashi mvua ikianza, mwezi wa 10 ao wa 11, tunakimbilia jembe. Sisi wenyewe tulilima lupango letu lote likabaki udongo mtupu. Tulikata lengalenga changa tukidhani ni majani tu, kisha mwezi wa 12, unga ukiwa haba nyumbani, tukaenda sokoni kununua lengalenga!

Lengalenga moja iliyoachwa izeeke inaangusha mbegu maelfu, ndogo kama vumbi. Zinalala udongoni wakati wa kiangazi, mvua inaziamsha. Tomati na maboga hutoka katika takataka za jikoni. Basi, tungoje majuma 2 mpaka majani yajulikane. Zilizosongamana tuzihamishe jioni, na baada ya majuma 3 ao 4 tunachuma.

Lakini tuwe na akili. Tomati iliyoota pale ambapo zingine zilinyauka, ing’olewe. Ugonjwa ungali udongoni. Boga likiwa chungu mdomoni, tuliteme na kulitupa: lina sumu, hata likipikwa.

Ni mali ya nani? Tusome Walawi 25:5-6. Katika mwaka wa 7 mwenye shamba hakuvuna kilichoota chenyewe kama mavuno yake. Kilikuwa chakula cha wote, hata mtumishi na mgeni. Hatuko katika mwaka huo, ni kweli. Lakini mama mpangaji asiye na shamba akiomba kuchuma, tumwambie tulipanda lini?

Mashina 2 ao 3 karibu na ukuta yasichumwe. Yaachwe yazeeke.