Dondoo muhimu: Unapopanga kuunda tela dogo la kulala

Matela haya yenye umbo la tone yamekuwa yakiundwa majumbani Marekani tangu miaka ya 1930. Anza hivi:

• Soma kitabu cha gari lako ujue linaruhusiwa kuvuta kilo ngapi. Hesabu hiyo itangulie zote.

• Chagua sakafu ya futi 4 kwa 8, sawa na plaiwudi moja nzima. Utakata kidogo.

• Chora ubavu kwa vipimo halisi kwenye maboksi, kisha ulale hapo upime urefu wako.

• Asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote ikae kwenye ndoano ya kuvutia. Nyuma kukizidi, tela huyumba.

• Ziba maungio yote yasivuje, lakini acha matundu ya hewa.

• Jiko likae nyuma, nje. Usiwashe moto ndani kamwe.